Chembe Nyeupe za Mwalimu Edina

Mwaka ule wa tisini na tisa, kama kulikuwa na kitu Mwalimu Edina alikichukia kuliko ugonjwa wenyewe, basi ni hodi. Hodi ya kwanza ilipigwa kabla hajamaliza kusukutua mdomo wake uliojaa vidonda, na ya mwisho ilipigwa wakati watu wenye akili zao wanafungia kuku. Katikati hapo wageni walikuja bila kukatika, na wote walitaka jambo lilelile: waingizwe chumbani, wamshike mkono, wamkague uso, wavute kiti wakae. Na mtu wa Kongwa akija kumjulia mgonjwa hali hakai dakika tano. Anakaa mpaka ahakikishe kwamba mgonjwa ameona kuwa amekaa.

Edina alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka kumi na tisa, mwanamke wa kusema jambo mara moja na kutarajia lifanyike. Mwezi wa pili alikatwa titi la kushoto kwa sababu ya saratani, na tangu mwezi wa tatu alikuwa akisafiri kwenda Dar es Salaam kutiwa dawa kwa dripu. Mizunguko sita, kila mmoja baada ya wiki tatu. Dawa yenyewe ilikuwa nyekundu kama juisi ya choya, na tangu siku alipoiona ikishuka kwenye mrija, choya hakuigusa tena. Ilimmaliza nywele, ikamaliza nyusi, ikamwachia mdomoni ladha ya sarafu iliyokwisha kushikwa na watu wengi. Kitunguu kikikaangwa nyumba ya tatu kutoka kwake, yeye alikimbilia beseni. Yote hayo aliyavumilia kwa kuhesabu: mmoja, miwili, mitatu. Alipofika mitatu, hesabu ikakwama.

Ilikwama kwa sababu ya chembe nyeupe. Daktari wake, mama mmoja mpole wa Pwani aitwaye Mwanahawa, alimweleza kwamba dawa ile haichagui. Inaua chembe za saratani na inaua pia askari wanaomlinda mtu na maradhi mengine. Kwa hiyo kila kabla ya kutiwa dawa alipimwa damu, na askari hao ilibidi wafike elfu tatu. Mwezi wa tano Edina alikwenda na elfu moja na mia nne, pamoja na kikohozi alicholetewa na shemeji aliyekuja kumpa pole. Akarudishwa. Baada ya wiki mbili akaenda tena, elfu moja na mia nane, na homa juu yake. Akarudishwa tena.

"Mwalimu," Dokta Mwanahawa alimwambia safari hiyo ya pili, "nikikurudisha mara ya tatu itabidi tuiache hii dawa. Na nyingine ya kuishinda sina."

Akampa masharti. Asikae penye watu. Asishikane mikono na mtu. Mwenye mafua asimsogelee. Asile wala kunywa kisichochemshwa. Arudi Jumatatu ya tarehe ishirini na moja mwezi wa sita. Edina aliyaandika masharti yote kwenye daftari kwa mwandiko wake wa ubaoni, akapanda basi kurudi Kongwa akiamini kwamba kazi imekwisha, maana jambo likishaandikwa kinachobaki ni watu kulifuata.

Watu hawakulifuata. Wa kwanza kabisa alikuwa mama mkwe wake, Raheli, aliyetoka kwake Haneti tangu mwezi wa pili kuja kumuuguza. Hapa ni lazima tuseme haki: Raheli hakuwa mkwe wa visa. Alimfulia Edina mashuka bila kukunja uso, alimwaga beseni bila kuziba pua, na uji wa uwele aliupika mwepesi kama mgonjwa alivyoagiza. Lakini kumrudisha mgeni mlangoni, hilo hakuliweza. Alisikiliza daftari likisomwa, akaitikia kwa kichwa kila sharti, na hodi ilipopigwa akainuka akasema karibuni, pitieni huku, yupo chumbani.

Edina alijaribu kila njia. Alijifanya amelala, wageni wakakaa kando ya kitanda wakisubiri aamke, wakimwombea kwa sauti. Alihamia barazani, akaweka kiti chake pembeni. Wakavuta vyao wakamzunguka. Aliwaambia wazi kwamba daktari amekataza watu. Wakasema daktari yuko sahihi kabisa, watu wamezidi, wao watakaa kidogo tu. Na ulikuwa mwezi wa sita, Kongwa inavuma upepo wa baridi na vumbi, nusu ya mji inapenga kamasi. Mzee mmoja alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akageuka akapiga chafya kwenye kiganja, akageuka tena akamshika upya kumuaga.

Usiku huo alimgeukia mumewe. Mazengo alikuwa bwana mifugo wa shirika la umma mpaka walipompunguza kazi mwaka wa tisini na nne. Tangu hapo alikuwa na duka la dawa za mifugo karibu na stendi, duka lake mwenyewe, maana siku hizo serikali ilishawaambia watu kila mmoja ajitegemee. Mtu mrefu, mtaratibu, asiyependa ugomvi hata na mbuzi. Edina alimwambia asimame langoni, awazuie watu.

"Mke wangu, niwafukuze watu kwa lipi?" alisema. "Nitawaambia nini?"

"Waambie ugonjwa wenyewe. Wewe umewaambia naumwa nini?"

Mazengo alitazama ukuta. Ikabidi aseme. Alikuwa amewaambia watu ni tumbo. Wengine aliwaambia ni malaria sugu. Kanisani alisema ni presha. Alimwambia mkewe polepole, kama mtoto anayetoa daftari lisilo na kazi ndani yake, kwamba hawezi kusimama mbele ya wazee, mbele ya mama yake mzazi, mbele ya wajomba, akataja titi la mke wake. Halitamkiki. Raheli mwenyewe, aliyemfunga mkwewe bandeji, aliliita kidonda cha kifuani, na neno jingine hakulisema.

Hasira zilimpanda Edina mpaka akasahau kuwa anatapika. Mtu huyuhuyu kutwa nzima pale dukani alizungumza viwele vya ng'ombe na kila apitaye. Kiwele kilichovimba, kiwele chenye usaha, chuchu iliyoziba, akamue vipi, apake nini; alivichora hata kwenye makaratasi ya kufungia dawa. La mkewe likamshinda. Edina alimwambia maneno mengi ambayo hayafai kuandikwa hapa, na Mazengo akayapokea yote, akalala akiwa ametazama ukuta ule ule.

Sasa mtu anayekonda, asiye na nywele, anayekwenda Dar es Salaam mara kwa mara kwa tumbo ambalo pia ni malaria na pia ni presha, mwaka wa tisini na tisa watu walimjua anaumwa nini. Hawakuhitaji kuambiwa. Edina alilisikia kwa masikio yake siku ya pili yake, dirisha likiwa wazi, wanawake wawili wakichota maji kwenye pipa la uani. Mmoja alisema mwalimu amekanyaga waya, neno la siku hizo la UKIMWI, na mume naye mtazame vizuri, shati limeanza kumpwaya. Mwenzake akauliza mama mkwe anajua. Akajibiwa kwamba mama mkwe ndiye atakayewazika wote.

Alikaa kitandani. Alitaka kutoka akawaumbue, na alitaka kujifunika shuka asitoke tena. Tangu siku hiyo akaanza kuona mambo ambayo alikuwa haoni. Kulikuwa na wageni waliomshika mkono kisha wakaupangusa kwenye kanga wakidhani haoni. Kulikuwa na wengine waliokataa hata chai, wakasimama mlangoni wakatoa pole kwa mbali. Na jambo la kuudhi kuliko yote ni kwamba hao waliomwogopa ndio peke yao waliokuwa wanamsaidia. Akijifungia asionane na mtu, uvumi umethibitika. Akiwapokea, dawa imekwisha. Alilizungusha jambo hilo kichwani siku tatu nzima bila kupata mlango wa kutokea.

Ijumaa, siku kumi kabla ya ile Jumatatu ya dawa, ikaja barua. Ilitoka kwa Loisi, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kanisani, rafiki yake wa siku nyingi. Akina mama wote thelathini na wanne watafika kesho Jumamosi saa tisa alasiri kumtembelea Mwalimu, kwa mujibu wa utaratibu.

Utaratibu. Edina aliisoma mara mbili, akacheka kwa uchungu, maana utaratibu ule aliutunga yeye. Alikuwa katibu wa kikundi kwa miaka sita. Zamani akina mama walikwenda kwa wagonjwa wawiliwawili, yeye akaona ni uzembe. Akaandika: mgonjwa atembelewe na wote kwa pamoja, siku ya Jumamosi, kila mmoja aingie ndani amsalimie mgonjwa kwa mkono, ziimbwe nyimbo tatu, wakae si chini ya saa moja. Asiyekwenda bila sababu jina lake litasomwa Jumapili baada ya matangazo. Aliyasoma majina hayo mwenyewe, kwa sauti ya kuita mahudhurio, na hakumwonea mtu haya.

Akamkumbuka mama mmoja wa upande wa sokoni, mgonjwa wa figo, ambaye walimjazia chumba mwaka juzi. Walipofika wimbo wa pili yule mama alijigeuza akatazama ukutani, akabaki hivyo mpaka walipoondoka. Njiani Edina aliwaambia wenzake kwamba kuna watu hawana shukrani. Alipolikumbuka hilo aliona aibu kiasi cha kufumba macho, lakini aibu haikumwondolea wale thelathini na wanne.

Alimtuma Mazengo kwa Loisi akaizuie ziara. Alimwomba, hakumgombeza, alimwambia kwamba hii ni kufa na kupona, na safari hii hakuwa anasema tu. Mazengo akaenda. Akarudi baada ya nusu saa akiwa amejiinamia. Alikuwa amemwambia Loisi kwamba mgonjwa amechoka. Loisi akamjibu kwamba ndiyo maana wanakuja.

"Basi?" Edina aliuliza.

"Basi nikasema karibuni," alisema Mazengo.

Jumamosi alasiri Raheli alikuwa amefagia uwanja, ametandika mikeka, na sufuria kubwa ya chai ilikuwa jikoni. Mazengo alikuwa dukani. Alisema kuna mfugaji anasubiri dawa ya kuogeshea. Edina alikuwa amelala akipima homa, na homa haikuwapo. Ndipo aliposikia wimbo unakuja kutoka kona ya shule. Aliijua kila sauti mle ndani. Alimjua anayeongoza, aliwajua wa kuitikia, na alimjua yule wa nyuma anayekohoa katikati ya ubeti.

Kikohozi kile ndicho kilichomwinua. Alivaa blauzi, akajifunga kanga moja kiunoni na nyingine akajitanda kichwani, akatoka. Raheli alimwona akipita, akadhani anakwenda kukaa kwenye mkeka, akamwambia ajifunike kuna upepo. Edina alipita mikeka, akafika langoni, akalivuta lango la fito akalifunga kwa kamba, akasimama nyuma yake.

Wakafika. Wamependeza, kanga za sare, vitambaa vyeupe, vikapu vya unga na karanga kichwani. Wimbo ukapungua ukafa walipoona lango limefungwa. Loisi alikuwa mbele. Akatoa salamu ya nyumbani, mbukwenyi, akapenyeza mkono juu ya lango.

Edina aliweka mikono yake nyuma. Mkono wa Loisi ulibaki pale juu, watu thelathini na watatu wakiutazama, kisha ukashuka.

"Mwalimu, tumekukosea?" Loisi aliuliza.

"Hamjanikosea. Hamtaingia," Edina alisema. Sauti yake haikuwa na nguvu ile ya darasani, ilibidi wanyamaze ili waisikie. "Siumwi tumbo, wala malaria. Wala sina hicho mnachokisema kwenye pipa la maji."

Wawili watatu walitazama chini. Edina aliona kwamba hawaamini, na kwa nini waamini, mumewe amewapa magonjwa matatu tayari na hili lingekuwa la nne. Akaanza kufungua vifungo vya blauzi. Vifungo vilikuwa vingi. Alipomaliza aliifungua, upepo ukamwingia kifuani.

"Ni saratani ya titi," alisema. "Lilikuwa hapa. Walilikata mwezi wa pili."

Walitazama. Kovu lilianzia kwapani likaja mpaka katikati ya kifua, jeusi, lililovutika, na ubavuni lilikuwa bado linang'aa. Mama mmoja akaweka kikapu chini. Mwingine alianza kulia bila sauti. Nyuma yake Edina alisikia kifuniko cha sufuria kikianguka, na Raheli akisema neno moja la Kigogo ambalo mtu hulisema akiona msiba.

Aliwaeleza yaliyobaki huku anafunga vifungo. Dawa inaua kinga yake. Mafua yao madogo kwake ni makubwa. Mara mbili amerudishwa kwa sababu ya watu waliokuja kumpenda, na akirudishwa mara ya tatu dawa imekwisha, hakuna nyingine. Loisi alifungua mdomo. Alisema, Mwalimu, sisi tulijua ni, halafu akanyamaza.

"Najua mlijua nini."

"Sasa sisi tufanye nini?" Loisi aliuliza, na machozi yalikuwa yanamtoka.

"Rudini nyumbani."

Wakarudi. Hawakuimba. Vikapu viliachwa vimepangwa chini ya lango, na yule mwenye kikohozi alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa chake cheupe mpaka alipopotea konani. Edina alisimama pale akitaka kuwaita. Hakuwaita.

Alipogeuka, Raheli alikuwa amesimama kwenye mkeka mtupu.

"Umemvua nguo mwanangu," alisema. Hakusema zaidi, na kwa siku nane zilizofuata hakusema chochote ambacho hakikuhusu uji.

Mazengo aliipata habari dukani kabla ya jua kuzama, kutoka kwa mteja aliyeipata kwa mkewe. Alirudi, akala, akakaa nje. Edina alisubiri agombezwe, maana ugomvi angeuweza. Mazengo hakumgombeza. Alimletea maji ya kunywa yaliyochemshwa, akampa thermometa, akamuuliza homa ngapi, akaandika kwenye daftari, akatoka. Raheli naye alifuata masharti yote sasa, kwa ukali. Maziwa aliyachemsha mpaka yakaungua, akayaleta yana harufu ya moshi, akasimama mlangoni akihakikisha yananywewa.

Na hodi zilikoma. Zilikoma kabisa, siku ya kwanza mpaka ya nane, hata mtoto wa jirani anayekuja kuomba chumvi hakuja. Edina alikuwa amepata alichokitaka, akagundua kwamba hakukijua kilivyo. Alisikia majirani wakisalimiana upande wa pili wa ua na kupunguza sauti wanapofika usawa wa dirisha lake. Alikasirika kwamba wamemtii upesi hivyo. Walishindwa nini kutii mwezi wa tano? Halafu alikasirika kwamba amekasirika, akalala, akaamka, akapima homa.

Jumapili walipanda basi la asubuhi, yeye dirishani na kitambaa puani, Mazengo pembeni yake akiwa ukuta kati yake na abiria wengine. Kuanzia njia panda ya Mbande mpaka Morogoro hawakuzungumza. Morogoro alimnunulia ndizi, akamenya mwenyewe kwa uangalifu bila kugusa ndani. Edina aliila na ilikuwa na ladha ya sarafu.

Jumatatu akatolewa damu, wakakaa kwenye benchi muda wa saa tatu. Dokta Mwanahawa alitoka na karatasi akiisoma huku anatembea.

"Elfu tatu na mia sita," alisema. "Mwalimu, ulifanya nini?"

"Nimegombana na watu wote, daktari."

Daktari alicheka, akadhani ni utani. "Basi vizuri. Umebakiwa na huu wa leo na miwili mingine. Gombana nao mpaka mwezi wa nane."

Edina hakucheka. Alilazwa kwenye kiti, sindano ikatafuta mshipa mara tatu kabla ya kuupata, na kile chekundu kikaanza kushuka. Alitazama kikishuka, akafikiri kwamba hakuna mashindano ya kipumbavu kama haya: unagombana na ukoo, unapoteza marafiki, unajivua nguo barabarani, na zawadi ya mshindi ni kutiliwa sumu. Alitaka kulia kwa hasira. Lakini aliihesabu. Minne.

Siku ya tatu baada ya dawa ndiyo huwa mbaya kuliko zote, na safari hii ilikuwa mbaya zaidi. Walikuwa wamerejea Kongwa. Edina alikuwa kitandani na beseni kifuani, miguu haina nguvu, hata kugeuza shingo ilikuwa safari. Ndipo hodi ikapigwa. Aliitambua sauti, na akajua yamekwisha. Alikuwa Mzee Ebenezer, kaka mkubwa wa Raheli, mjomba wa Mazengo, mtu ambaye Mazengo hakuwahi kumjibu zaidi ya ndiyo tangu azaliwe. Ametoka Haneti na wazee wawili, na kibuyu cha maziwa mabichi ya kumwongezea mgonjwa damu. Alikuwa anakohoa kikohozi kizito, cha kutoka chini kabisa.

Edina alijaribu kuinuka. Alifika nusu, chumba kikazunguka, akarudi kwenye mto. Kupitia dirishani alisikia Raheli akitoka mbio kumpokea kaka yake, akamsikia akisema karibu ndani. Akasikia kamba ya lango inashikwa. Alifunga macho akafikiri juu ya zile elfu tatu na mia sita, ambazo kwa wakati huo huenda hata elfu moja hazikubaki.

"Mjomba, shikamoo," ilikuwa sauti ya Mazengo. "Samahani. Msiingie."

Mzee Ebenezer akauliza kama amesikia vizuri.

"Mke wangu ana saratani," Mazengo alisema. "Saratani ya titi. Walimkata, sasa anatiwa dawa, na dawa imemmaliza kinga. Wewe una kikohozi, mjomba. Maziwa hayo hayajachemshwa. Hakuna anayeingia."

"Unasema nini mbele ya mama yako?"

Edina alisubiri. Aliijua sauti ya mumewe inapokwama, na aliisikia ikikwama. Alisikia kuku, akasikia pikipiki inapita, akasikia Raheli akivuta pumzi.

"Nasema titi, mjomba," Mazengo alisema. "La kushoto. Mama analijua, yeye ndiye aliyekuwa anafunga bandeji. Ukitaka tukae, tukae huku nje chini ya ukuta, nitakuletea kiti. Ndani hapana."

Mzee Ebenezer hakutaka kiti. Alisema mambo kadhaa kwa Kigogo juu ya vijana wanaofundishwa na wake zao namna ya kuongea, na kila jambo lilikatizwa na kikohozi. Kisha nyayo zikaondoka, nyayo za watu watatu. Raheli hakuwafuata. Alisikika akirudi jikoni, na baada ya muda kidogo sufuria ikawekwa motoni, na maziwa ya kibuyu kilichoachwa yakamiminwa.

Mazengo aliingia chumbani akiwa ameloa jasho katika baridi ile. Alinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko kama daftari lilivyosema, akaja akashika beseni kwa sababu Edina alikuwa ameanza tena. Alimshikilia kichwa kisicho na nywele mpaka alipomaliza.

"Mjomba atatusema Haneti nzima," alisema.

"Mwache aseme," Edina alisema, akajipangusa mdomo. "Safari hii atasema ugonjwa wenyewe."

Mazengo alitaka kucheka ikashindikana, akakaa kwenye ukingo wa kitanda akalia kwa sauti, bila kuficha uso, na Edina akamwacha alie.